Soma ramani ya tovuti yako kabla hujaipeleka Google

Ukianza kazi ya kutengeneza tovuti hapa Arusha, usishangae mteja wako wa kwanza akiwa kampuni ya utalii. Ofisi iko Sakina au Njiro, nje zimeegeshwa Land Cruiser mbili, na bosi ana shida moja tu: mtu aliyeko Ujerumani akitafuta kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, aione kampuni yake. Rangi na picha atazisifia siku mbili. Siku ya tatu atakupigia: "Dogo, mbona Google hatupo?"

Hapo ndipo wengi wetu tulipoanza kuhangaika na saitimapu, yaani ramani ya tovuti. Ni faili la XML lenye orodha ya anwani za kurasa zako, ambalo injini za kutafutia hulisoma ili zijue una nini. Mimi nilikuwa nalichukulia kama fomu ya dirishani. Plagini, yaani programu ya nyongeza, inalitengeneza, nanakili anwani yake, nabandika Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti, ikija alama ya kijani nadai salio langu. Tovuti ya pili ndiyo iliyonitoa usingizini.

Nilikuwa nimenunua templeti ya utalii iliyokuja na safari za mfano ndani yake. Nikaweka za mteja: Tarangire, Ngorongoro, Serengeti, na mlima kwa Marangu, Machame na Lemosho. Zile za mfano nikaziondoa kwenye menyu, nikajiona nimemaliza. Baada ya wiki kadhaa bosi akaniita ofisini, akanigeuzia simu. Kampuni yake, ambayo haijawahi kumpeleka mgeni hata Dodoma, ilikuwa inauza siku nne za Paris kwa euro. "Hii Paris," akaniuliza taratibu, "iko upande gani wa Meru?"

Hakuna ukurasa wowote uliokuwa na kiungo cha kwenda Paris. Google ilizijua kurasa zile kwa sababu nilizipeleka mwenyewe. Plagini huorodhesha kila kilichochapishwa, kiwe kwenye menyu au kisiwe, nami nilikuwa nimekabidhi orodha bila kuisoma. Ilibidi nifute safari zote za mfano, niombe zifichwe kwa muda kwenye matokeo kwa zana ya kuondoa iliyomo Search Console, na nimlipie bosi chai kwa wiki nzima.

Kwa hiyo, ndugu yangu, fungua faili usome kwa macho yako. Kwenye WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020, ramani hujitengeneza yenyewe kwenye wp-sitemap.xml. Ukiweka plagini ya Yoast, yake inakaa sitemap_index.xml. Ndani utakuta mafaili mengine madogo: kurasa, makala, kategoria, lebo, waandishi. Fungua moja moja. La waandishi liangalie vizuri, maana anwani iliyomo mara nyingi inafanana na jina unalotumia kuingilia tovuti, na hilo hatulitangazi.

Kila anwani iulize swali moja: mgeni akitua hapa kwanza, kabla hajaona kitu kingine, mteja wangu atafurahi? Ukurasa wa lebo wenye makala moja, toa. Ukurasa wa "asante kwa ujumbe wako", toa. Anwani inayomhamishia mtu kwingine, toa, uweke ile anakofikia. Kama tovuti inafunguka kwa https bila www, zote ziandikwe hivyo hivyo. Na usiweke ukurasa ambao wewe mwenyewe umeuwekea noindex, agizo la kuuzuia usitokee kwenye matokeo. Huko ni kumkaribisha mtu nyumbani huku umeshatia komeo.

Google wenyewe wanasema tovuti yenye kurasa 500 au pungufu, ikiwa zimeunganishwa vizuri, huenda isihitaji ramani. Ni kweli. Lakini mimi naitengeneza hata kwa tovuti ya kurasa thelathini, kwa sababu ndiyo inayonilazimisha kuhesabu nilichoweka. Kikomo cha anwani 50,000 au MB 50 kwa faili moja hakituhusu sana, labda upate kazi ya tovuti ya matangazo ya viwanja na magari.

Kuhusu vilivyomo ndani: utakutana na priority (uzito wa ukurasa) na changefreq (unabadilika mara ngapi), na video za zamani zitakuambia uvipange kwa makini. Google haivitazami. Inachotazama ni lastmod, tarehe ya badiliko la mwisho, na hiyo pia ni pale tu inapoona tarehe zako ni za kweli. Umebadilisha bei za msimu au ratiba ya siku za kupanda? Tarehe ibadilike. Umerekebisha nukta kwenye sehemu ya chini ya ukurasa? Iache. Kuna plagini zinazoandika tarehe ya leo kwenye kurasa zote kila siku. Ukifanya hivyo, tarehe zako hazitaaminiwa tena, hata siku una jambo jipya kweli.

Kupeleka kwenyewe ni dakika chache. Ndani ya Search Console, thibitisha umiliki wa domaini (jina la tovuti) kwa kuongeza rekodi ya TXT, mstari wa maandishi, kwenye DNS, yaani mipangilio ya jina hilo, ingia sehemu ya Sitemaps, weka anwani. Kisha andika mstari huu kwenye robots.txt, faili la maelekezo kwa injini za kutafutia, nazo injini nyingine zitaikuta:

Sitemap: https://anwani-ya-mteja/wp-sitemap.xml

Bing Webmaster Tools, zana kama hiyo ya Bing, injini ya kutafutia ya Microsoft, inaweza kuchukua tovuti na ramani zake kutoka Search Console, usianze upya. Ukikuta somo linalokuelekeza "kupingi" Google, yaani kuijulisha kwa kufungua anwani maalumu, kila unapobadilisha ramani, lipite. Njia hiyo Google ilitangaza Juni 2023 kwamba inaifunga.

Ikikataa kusomeka, usikimbilie kulaumu mtandao. Mimi niliwahi kubishana na watu wa hositi, wanaohifadhi tovuti, siku mbili nzima, kumbe kwenye mipangilio ya WordPress, sehemu ya Kusoma, kile kisanduku cha kuzuia injini za kutafutia nilikitia tiki wakati wa ujenzi na sikukitoa. Kikiwa na tiki, wp-sitemap.xml hurudisha 404, yaani ukurasa haupatikani. Sababu nyingine ni mstari mtupu uliojipenyeza juu ya tangazo la XML, ambalo ni mstari wa kwanza wa faili, au alama ya & iliyoandikwa peke yake ndani ya anwani badala ya &.

Na ile kijani. Maana yake ni kwamba faili limesomwa, basi. Ukurasa unaweza kujulikana na usiingizwe kwenye fahirisi, orodha ambayo Google huchota matokeo yake. Ripoti ya kurasa itakuonyesha zipi zimeingia na zipi zimeachwa, pamoja na sababu. Ukurasa wa Lemosho ukiachwa, mara nyingi nikiusoma nakuta maneno yake ni yale yale ya kampuni nyingine kumi za mjini. Ramani haitibu hilo. Mwambie bosi kabla hajakulipa, asije akadhani umemwahidi namba moja.

La mwisho, Search Console ifungue kwa barua pepe ya kampuni, wewe ujiongeze kama mtumiaji. Mimi kazi hii naiweka Aprili, mvua za masika zikiwa zimetuliza ofisi na bosi ana muda wa kunisikiliza. Muda huo tunautumia zaidi kutafuta nywila ya DNS, ambayo anayo binamu yake aliyesajili domaini zamani kabla hajahamia Dar.