Usibadilishe Mada, Warudishie Majibu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akiwa amekata tamaa. Ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, anakusanya data Pemba, Wilaya ya Micheweni, na mada yake ni upungufu wa damu kwa wajawazito. Barua zote anazo, sheha kampokea vizuri, lakini akibisha hodi majumbani akina mama wanamkaribisha maji, wanamsikiliza, kisha wanakataa. Mmoja alimwambia: "Mwanangu, damu zetu mshazichukua sana. Hatujaambiwa hata siku moja zimesema nini." Sasa anauliza kama abadilishe mada, atafute kitu cha kuandikia maktabani.

Usibadilishe. Huyo mama ana haki, na haki yake ndiyo njia yako ya kuingilia.

Pemba imetafitiwa sana. Watoto wa skuli wamepimwa mkojo kwa ajili ya kichocho, choo kwa ajili ya minyoo, damu kwa ajili ya malaria. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, iko tangu 2000. Faida imepatikana, tena kubwa: dawa za kichocho na minyoo zinagaiwa maskulini na majumbani, na malaria iliyokuwa ikijaza wodi imeshuka sana Unguja na Pemba. Lakini aliyetoa damu yake atajuaje kwamba dawa ile inahusiana na kidole chake kilichotobolewa, kama hakuna aliyekaa naye akamweleza? Na sisi wanafunzi tunazidi. Tunakuja karibu na mwisho wa muhula, tunajaza madodoso, tunapanda gari ya mjini, tunavaa joho. Wao wanabaki na maswali tuliyowaachia.

Mimi haya niliyaishi Jambiani, Unguja.

Mada yangu ilikuwa afya na ustawi wa wanawake wanaolima mwani. Zao hili lilianza kulimwa kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi mpaka leo ni wanawake. Kipande kwa kipande wanaufunga mwani kwa taitai, vile vikamba vyembamba, kwenye kamba, kamba wanaifunga kwenye vigingi, na kazi yote inafanywa mtu ameinama, maji yako magotini, jua liko utosini, na mwanga unampiga usoni mara ya pili kutoka kwenye maji na mchanga mweupe. Nilitaka kujua kazi ile inaufanya nini mwili wa mwanamke, na roho yake pia.

Siku ya kuwasilisha pendekezo la utafiti, mjumbe mmoja wa jopo alizifunga karatasi zangu kabla sijamaliza. Akasema haya ni mazungumzo ya barazani, hayana afya ndani yake. Nichukue sukari au presha, vitu vinavyopimika. Wenzangu wengine wakacheka. Miaka imepita, na bado nikiikumbuka sauti ile kifua kinanibana. Nilimjibu kwa katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 1948, inayosema afya ni ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya mtu katika jamii, wala si kukosa maradhi tu. Msimamizi wangu akasimama upande wangu. Wakanipitisha, shingo upande.

Habari za vibali sitazirefusha. Utafiti wowote unaogusa afya za watu hapa kwetu lazima upite kwenye kamati ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI, kisha kibali cha serikali, kisha wilaya, kisha sheha. Anza mapema, uwe Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Chuo Kikuu cha Zanzibar au Chuo Kikuu cha Al-Sumait. Basi.

Nilichukua WHO-5, kipimo cha ustawi cha Shirika la Afya Duniani. Kina maswali 5 mafupi, kila moja lina alama 0 mpaka 5, na yote yanauliza juu ya wiki 2 zilizopita: umekuwa mchangamfu, umetulia, una nguvu, umeamka umepumzika, siku zako zina mambo yanayokuvutia? Tulikuwa tunalijaribu dodoso kabla ya kazi yenyewe. Bi mmoja, vidole vyake vimechanika kwa chumvi na kamba, alilisikiliza swali la kuamka umepumzika akaniuliza: "Bamvua au maji mafu?"

Nikamwomba anieleze, akanieleza vizuri kuliko kitabu chochote. Bamvua inakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Bahari inapwa mbali, mashamba ya mwani yanakaa wazi, na hapo wanawake wanashinda baharini siku mfululizo, asubuhi mpaka mchana. Wakirudi, mgongo hauinuki na macho yanawaka. Yakija maji mafu, bahari haipwi mbali, hawaendi; wanapumzika, wanaanika, wanafua, wanakwenda msibani na harusini. Kutoka bamvua moja mpaka nyingine ni kama wiki 2, muda ule ule unaoulizwa na dodoso langu. Uchovu na mapumziko vyote vimo ndani ya wiki hizo, na mtu hujibu kwa siku anazotoka nazo. Kwa hiyo mwanamke yule yule ukimhoji leo atakwambia amechoka hajiwezi, na ukimhoji wiki ijayo atakwambia yuko salama, alhamdulillah, na mara zote mbili anasema kweli.

Tukaongeza sehemu ya kuandika tarehe ya mwezi wa Kiislamu kwenye kila fomu, na mahojiano tukayagawa, mengine bamvua, mengine maji mafu. Jambo hilo ndilo lililoipa tasnifu yangu uzito. Nilipotetea, mtahini wa nje aliniuliza nimelitoa wapi. Nikamwambia: kwa wenye bahari yao. Nilipata A, na ninalisema bila kuona haya, kwa sababu ile A wanawake wa Jambiani wana fungu lao ndani yake.

Kabla ya tasnifu kufungwa jalada nilirudi kijijini, kama nilivyoahidi kwenye fomu ya ridhaa. Tulikutana skulini baada ya sala ya alasiri, siku za maji mafu ili wote waweze kuja. Nilikuwa na karatasi za manila nilizochora mwili wa mtu, na sehemu zinazouma nimezitia rangi nyekundu. Wakanikosoa pale pale: macho nimeyapaka kidogo mno! Muuguzi wa kituo cha afya alikuwepo. Alisema wanawake wengi wanakuja kwake kutaka dawa ya maumivu na hawasemi kazi wanayoifanya, na yeye hakuwa anauliza. Jioni ile wakakubaliana waseme, na yeye aulize. Jopo lililonipitisha shingo upande halijawahi kunipa furaha ya namna ile, wala sikuihitaji kutoka kwao.

Sasa sikilizeni, wadogo zangu. Mtu akikupa saa nzima ya maisha yake, amekupa amana, na amana hurudishwa. Usimwendee mama wa Micheweni na kalamu kabla hujamwambia utarudi lini, wapi, na utamwambia nini. Ahadi hiyo iandike kwenye fomu ya ridhaa, umsomee kwa sauti. Na wewe unayepima damu una wepesi ambao mimi sikuwa nao: jibu la mtu linapatikana siku ile ile, basi mpe siku ile ile. Mjamzito mwenye himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, chini ya gramu 11 kwa desilita kwa kawaida anahesabiwa ana upungufu. Aliye chini ya 7 ana upungufu mkali, usimwache arudi nyumbani na karatasi mkononi, mfikishe kituoni wewe mwenyewe. Habari hizo zitafika nyumba ya pili kabla yako, na milango itafunguka.

Matokeo ya jumla yaandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, herufi kubwa. Tasnifu yako ya Kiingereza haitasomwa na mkunga wala sheha. Chunga siri za watu unapoyatoa: shehia ni ndogo, ukisema tu "mama mmoja mwenye pacha" kila mtu ameshamjua. Na nauli ya kurudi itie kwenye bajeti tangu mwanzo. Jopo likikuuliza ya nini ilhali data utakuwa umeshakusanya, waambie ni sehemu ya utafiti, na usikubali waikate.