Kamisheni ya 25% kwenye taxi mtandao: angalia kilomita tupu kwanza

Mkuu, umeuliza kama ukichukua mkopo ununue Passo (kagari kadogo ka Toyota) uiingize kwenye app za taxi kama Uber na Bolt hapa Dar italipa, na kinachokutisha ni kamisheni ya 25% ambayo kampuni inakata kwenye kila nauli. Mimi nipo barabarani tangu 2019, gari la bosi, namletea hesabu ya shilingi 25,000 kwa siku. Kamisheni inauma, sikatai. Ila ngoja nikukumbushe ya 2022.

Mwaka ule LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilishusha kikomo cha kamisheni hadi 15%. Kijiweni tulishangilia kama vile Yanga kafunga dakika ya 90. Haukupita muda, Aprili Uber wakasimamisha huduma, na Agosti Bolt wakabaki na wateja wa makampuni tu. Sasa 15% ya nini, na simu haiingizi safari? Kilichoniokoa ni namba za abiria nilizokuwa nimezitunza, hasa mama mmoja wa Sinza niliyekuwa nampeleka kazini Posta kila asubuhi. Baadaye LATRA ikapandisha kikomo kuwa 25%, pamoja na ada ya 3%, Uber wakarudi Januari 2023.

Twende kwenye hesabu. Safari ya 9,000 Sinza hadi Kariakoo: kamisheni ikiwa 25% unabaki na 6,750, ikiwa 15% unabaki na 7,650. Tofauti ni 900. Lakini rikwesti ilinikuta Mwenge, na ile kumfuata abiria hailipwi. Ukimshusha Kariakoo saa kumi na moja jioni, kutoka pale tu ni nusu saa ya kuunguza mafuta. Kuna wiki niliamua kuandika kila kitu kwenye daftari: katika kila kilomita 100, kama 40 nilikuwa natembea gari tupu, bila abiria. Kigamboni ndiyo usiseme, unarudi peke yako na tozo ya daraja unalipa.

Halafu kuna kitu wageni hawaambiwi. Abiria wengi wanalipa keshi, kwa hiyo kamisheni inakuwa deni lako kwa kampuni. Mimi ile hela nilikuwa naila kama yangu, mpaka Ijumaa moja usiku, biashara imechanganya, app ikanifungia. Nikaanza kumpigia shemeji anikopeshe 38,000 nilipe lile deni. Aibu ile!

Kwa hiyo kabla hujasaini mkopo, kodi gari la mtu mwezi mmoja, na daftari mkononi. Kilomita zote, siyo zile app inazokuonyesha. Toa mafuta, oili, matairi (barabara zetu unazijua), kisha gharama za kibiashara: namba nyeupe, leseni ya LATRA, bima. Kinachobaki kikishindwa kufikia rejesho la mkopo, hata wakishusha kamisheni mpaka 15% tena, ile 900 haitakutoa.

Ukiamua kuanza, niandikie PM (ujumbe wa faragha) nikuelekeze fundi wa Passo pale Ilala. Siyo wa bei rahisi, ila hakuibii spea.