Cherehani ishirini kijiji kimoja

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana wa nyumbani anayeishi Dar es Salaam. Yeye na wenzake wa kundi la WhatsApp la wana Kilwa wamechangishana hadi wamefikisha milioni sita, na wanataka kununua cherehani ishirini wawapelekee akina mama waliopoteza mali kwenye mafuriko. Akaniuliza: "Dada, tununue za mguu au za umeme?"

Nilikuwa kiwanjani kwetu tunakofyatua tofali hapa Lindi, mikono imejaa saruji. Nilisoma ule ujumbe mara mbili, nikaketi juu ya ndoo. Siku ile sikumjibu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwa mmoja wa akina mama ishirini waliogawiwa cherehani ishirini.

Januari 2020 Mto Matandu ulipofurika wilayani Kilwa, kijiji chetu hakikuwa mbali na Njinjo. Mkoani Lindi walikufa watu zaidi ya 20, na maelfu walibaki bila makazi. Mimi nilimtoa mama yangu na wanangu wawili. Nyumba ya miti na udongo ilikwenda, mahindi yaliyokuwa darini yakalowa, mbuzi saba sikuona hata kamba zao. Shamba la ufuta nililolipanda wiki mbili nyuma likawa mchanga mtupu. Miezi ya hemani siisimulii, aliyewahi kulala humo anaijua.

Mwezi wa tatu wakaja watu wa mradi mmoja. Walikuwa wema na sisemi vinginevyo. Walituchagua akina mama ishirini, wote wa kijiji kimoja, wakatufundisha ushonaji kwa wiki tatu chini ya mwembe wa shule, kisha wakatupa kila mmoja cherehani. Siku ya kufunga nilichaguliwa kutoa shukrani kwa niaba ya wenzangu. Nililia mbele za watu, na nilikuwa nalia kweli, maana niliamini maisha yameanza upya.

Sasa sikiliza hesabu ambayo hakuna aliyeifanya, sisi wenyewe tukiwemo. Tulimaliza mafunzo wakati wa masika. Kwetu pesa huingia mara mbili kwa mwaka: mwezi wa sita na wa saba minada ya ufuta inapofunguliwa, halafu mwezi wa kumi korosho zinapoanza kuuzwa. Harusi na sherehe za unyago hufuata pesa hiyo, na mishono hufuata sherehe. Mwaka ule ufuta ulikuwa umesombwa, sherehe zikaahirishwa. Basi tukawa mafundi ishirini katika kijiji ambacho hata fundi wa zamani, mzee mmoja aliyeshona kwenye baraza la duka tangu mimi mtoto, alikuwa hapati suruali ya kuziba kiraka. Yule mzee naye tukamharibia. Hilo huniuma hadi leo.

Mwezi wa tano niliuza cherehani kwa shilingi elfu themanini, nikanunua unga na dawa ya mama.

Watu wa mradi walipokuja kutukagua, mmoja wao alikuta cherehani nne tu zimebaki. Akauliza zile nyingine ziko wapi. Tukanyamaza. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Ndiyo maana watu wa kusini hamwendelei, mnapenda ngoma kuliko kazi." Nimesamehe mengi katika maisha yangu, lakini neno lile bado linanichoma. Nilikuwa nimetoka kubeba maji tangu alfajiri. Wewe unayesoma hapa unataka kusaidia nyumbani, najua, ndiyo maana unasoma. Basi ulinde ulimi wako mbele ya mtu uliyempa kitu. Anakudai heshima kuliko anavyokudai msaada.

Nilichokuja kufanya baadaye hakuna aliyekipanga. Walimu wa shule na watu wenye ndugu Dar walianza kujenga upya, safari hii kwa tofali za saruji, juu kwenye mwinuko. Mimi nilikuwa nawapikia mafundi uji na mihogo. Siku moja msaidizi wa fundi hakuja, nikashika koleo. Fundi akanilipa shilingi hamsini kwa kila tofali. Siku ya kwanza tulifyatua tofali sitini, nikaenda nyumbani na elfu tatu mkononi. Nilikuwa nimejifunza na nimekula siku hiyohiyo.

Nashikilia hapo kwa sababu ndipo wengi tunapokosea. Mtu aliyefikwa na maafa hawezi kukaa darasani wiki sita huku watoto wanalia njaa. Atakuja kwa ajili ya soda na posho, akili yake iko hemani. Mpe kazi inayomlipa huku anajifunza. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wamekuwa na ajira za muda kwa kaya maskini: watu wakichimba mifereji, wakitengeneza barabara za kijiji na kulipwa ujira. Ni pesa ndogo, lakini nimeona mtu aliyelipwa ujira anavyotembea tofauti na mtu aliyepewa mfuko wa unga. Na kama huna mradi mkubwa, mtafute fundi mzuri wa palepale kijijini, mlipe yeye akubali wanafunzi wawili.

Yule fundi wangu alikuwa mkali. Alinifundisha kuwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo hamsini unatoa tofali thelathini hadi thelathini na tano za inchi sita, na anayekuambia ametoa hamsini amekuuzia mchanga. Kwamba mchanga wa baharini una chumvi na hauaminiki. Kwamba tofali inamwagiliwa maji siku saba isikauke kwa haraka, hata kama mteja amekuja na gari anasubiri. Watu wananiuliza siri ya kufanikiwa. Siri yangu ni siku saba za maji. Nimewahi kumrudisha mteja wa tofali mia nne siku ya nne, akaondoka amenuna, na akarudi ya nane.

Mwaka 2022 nikaja Lindi mjini kupimwa ujuzi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti bila kuanza darasa la kwanza. Nilipokipata kile cheti nilikipeleka kwa mama. Hajui kusoma, akakishika juu chini, akakibusu.

Tukawa kikundi cha wanawake watano. Mikopo inayotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilikuwa imesimamishwa tangu 2023. Iliporejeshwa 2024 tukaomba. Haina riba. Tulizungushwa, tukaandika katiba ya kikundi mara tatu, lakini tukapata. Mwezi uliopita tumelipa rejesho la mwisho. Naandika hili kwa kujivuna na sioni haya.

Mei 2024 kilipokuja Kimbunga Hidaya, mvua zikaikata barabara kuu pale Somanga, magari yakalala njiani. Wazee hapa wakaanza kusimulia tena kimbunga cha 1952 kilichoivunja Lindi. Mimi nilikumbuka hema. Tukawachukua akina mama watatu kutoka upande wa Kilwa waje kujifunza kwetu kwa malipo. Wawili walikaa, mmoja sasa anafyatua kwao na ananishinda bei. Wa tatu hakutaka tofali. Alikuwa mkulima wa mwani, mawimbi yameng'oa kila kitu. Nilimbembeleza, nikamwambia tofali ina pesa, nikamweleza maisha yangu yote. Siku ya tano akaniambia, "Dada, mimi kazi ninayo. Sina kamba." Niliona aibu. Nilikuwa namfanyia kilekile nilichofanyiwa. Tulimchangia kamba, taitai, yaani vikamba vidogo vya kufungia mwani, na mambo, yaani vigingi vya kufungia kamba. Mwani hukomaa kwa wiki sita hivi. Kabla ya miezi miwili kwisha alinitumia ujumbe kwamba ameanika.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, kaa na mtu umuulize alikuwa anafanya nini kabla ya maji. Muulize nani atanunua atakachotengeneza, na mwezi gani. Usilundike watu ishirini kwenye kazi moja. Uliza tena nani atanunua. Mwone mwenyekiti wa kitongoji na afisa maendeleo wa kata, lakini usiishie kwao, nenda mpaka kisimani ukawasikilize akina mama. Pesa zako zigawe: nusu ya kuanzia, nusu ibaki hadi msimu wa kwanza wa ufuta upite, maana ndipo biashara changa inapokufa au kupona. Na urudi. Urudi hata kama umekuta cherehani zimeuzwa, uulize ziliuzwa kwa nini, na unyamaze usikilize jibu.

Yule kijana nimemjibu jana. Nimemwambia asinunue za mguu wala za umeme kwanza. Aje na daftari. Amekubali, wanakuja watatu Jumamosi ijayo, na nitasafiri nao hadi kijijini. Nimeshawapigia wenzangu wa chini ya mwembe, kumi na mmoja wamesema watakuwepo. Watatu kati yao bado wana cherehani zao, zimefunikwa khanga pembeni ya kitanda. Mmoja amesema ataitoa nje siku hiyo aionyeshe, na ameniomba niwaambie wageni wasipige picha.