Ushuru wa sigara na wateja wa moja moja

SWALI: Assalam aleikum daktari. Nina duka dogo hapa Kisauni, Mombasa. Nauza unga, mafuta, sabuni, na sigara pia. Pakiti nzima huenda nikauza mbili tatu kwa wiki. Nyingine zote zinatoka moja moja. Mwisho wa mwaka 2024 tuliambiwa ushuru umepanda. Zile zisizo na kichungi nilikuwa nauza shilingi 10, sasa ni 15. Za kichungi zimebaki 20 vilevile. Wateja wananitazama kana kwamba nimewapandishia mimi. Nataka kujua: ushuru huu kweli unawafanya watu waache, au ni serikali kujaza mfuko wake tu? Mbona za kichungi hazikuguswa? Bei ikizidi kupanda si watu watakimbilia za magendo? Halafu kijana wangu ananiambia kuuza moja moja ni kosa, na vijana wenzake wanaulizia vile vikopo vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo. Nisaidie. — Mwenye duka, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam. Nianze kwa kujisahihisha: mimi si daktari wa kupima watu, ni mchumi wa afya. Kazi yangu ni hesabu, na barua yako ina hesabu nzuri kuliko ripoti nyingi zinazopita mezani kwangu, kwa sababu wewe umesimama pale ushuru unapokutana na mvutaji.

Tuanze na kilichotokea. Kenya hutoza ushuru wa bidhaa kwa kila sigara 1,000. Hadi Desemba 2024 sigara za kichungi zilitozwa shilingi 4,067.03 kwa elfu, na zisizo na kichungi shilingi 2,926.41. Sheria ya marekebisho ya kodi iliyoanza kutumika mwisho wa mwezi huo iliziweka zote katika kiwango kimoja: shilingi 4,100. Sasa gawanya kwa elfu. Sigara ya kichungi ilikuwa inalipiwa shilingi 4 na senti 7, ikawa shilingi 4 na senti 10. Senti tatu! Hata ukiongeza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 juu yake, hufiki senti nne. Ndiyo maana hukuona kitu. Lakini isiyo na kichungi ilitoka shilingi 2.93 ikaenda 4.10, yaani imeongezeka shilingi 1.17, na ukiweka VAT ni kama shilingi 1.36.

Kwa hiyo kwako "ushuru umepanda" lilikuwa jambo la sigara za bei nafuu peke yake.

Hapo utauliza, na wateja wako nadhani wameshauliza: kama serikali imeongeza shilingi 1.36, mbona bei imepanda shilingi 5? Jibu liko kwenye droo yako ya chenji. Hakuna mtu Kisauni anayelipa shilingi 11 na senti 36 kwa sigara moja. Sarafu ndiyo inayopanga bei ya moja moja: 10, 15, 20. Ushuru mdogo ukija, mmoja kati ya watu watatu, kiwanda, muuza jumla au wewe, anaumeza ili bei isitikisike, au bei inaruka ngazi nzima na zile shilingi tatu na ushee zinazobaki wanagawana hao hao watatu. Sikulaumu, kwani huenda muuza jumla naye alikupandishia pakiti. Nataka uone tu kwamba bei ya dukani hupanda kwa ngazi, wala si kidogo kidogo kama mteremko.

Hiyo ngazi ndiyo siri ya jambo lote. Tafiti za nchi nyingi zimekubaliana kwa muda mrefu kwamba bei ya sigara ikipanda kwa asilimia 10, uvutaji hushuka kwa takriban asilimia 4 katika nchi tajiri na takriban asilimia 5 katika nchi za kipato chetu. Sehemu ya upungufu huo ni watu wanaoacha au wasioanza kabisa, na sehemu ni wanaopunguza idadi. Wanaobanwa zaidi ni vijana na wenye mapato madogo, ambao kwao shilingi 5 ni nauli au ni mandazi. Kutoka 10 hadi 15 ni ongezeko la asilimia 50. Usichukue kanuni yangu ukaizidisha ukasema mauzo yatashuka robo. Kanuni ni ya soko zima na ya mabadiliko madogo, na baadhi ya wateja wako watasema afadhali niongeze tano nyingine nichukue ya kichungi. Lakini atakayekuwa ananunua nne kwa siku akabaki na tatu, huyo umemwona kwa macho yako, na ni shilingi tano iliyofanya hivyo.

Kwa nini basi sigara zisizo na kichungi ndizo zilizoguswa? Kwa sababu kwa miaka saba zilikuwa mlango wa kutorokea. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 ilikuwa na kiwango kimoja, shilingi 2,500 kwa elfu, kwa sigara zote. Mwaka 2017 ikagawanywa: za kichungi zikabaki 2,500, zisizo na kichungi zikashushwa hadi 1,800. Tangu hapo, kila ushuru ulipopanda, mvutaji aliyebanwa hakulazimika kuacha. Alishuka ngazi moja tu, akavuta ya bei nafuu. Mapafu hayajui tofauti hiyo. Kichungi hakiondoi hatari ya saratani wala ya moyo, na moshi wa sigara ya shilingi 10 si mwepesi kwa mtoto aliyeketi kando. Kwa hiyo kuunganisha viwango mwaka 2024 lilikuwa jambo jema, na kwa maoni yangu ndilo jambo bora zaidi lililofanywa kwenye ushuru wa tumbaku nchini kwa miaka kadhaa.

Jambo lililofanywa vibaya ni kuziacha za kichungi pale zilipo. Nikupe hesabu moja uifanye mwenyewe kwenye simu. Chukua shilingi 2,500 za mwaka 2015. Weka mfumuko wa bei wa asilimia 6 kwa mwaka, ambao hauko mbali na ule tuliouona, kwa miaka tisa. Utapata kama shilingi 4,220. Ushuru wa leo ni 4,100. Maana yake, ukipima kwa thamani ya pesa, ushuru wa sigara ya kichungi haujapanda tangu 2015. Umesimama, na pengine umerudi nyuma hatua moja. Unga umepanda, nauli imepanda, na sigara imepanda nazo, lakini si kwa kasi ya kumfanya mtu afikiri mara mbili.

Zamani kulikuwa na kinga. Sheria iliruhusu KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kurekebisha viwango hivi kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaiondoa. Wenye viwanda vya bidhaa nyingi, si tumbaku peke yake, walikuwa wakililalamikia rekebisho hilo, na naelewa kwa nini mtu wa juisi au maji ya chupa alikasirika. Lakini kwa tumbaku hasara yake ni wazi: ushuru uliotajwa kwa shilingi, bila kurekebishwa, huliwa kimyakimya na wakati. Shirika la Afya Duniani linashauri kodi zote zikiwekwa pamoja zifike angalau asilimia 75 ya bei ya dukani. Kwa sigara yako ya shilingi 20, ushuru wa bidhaa ni 4.10. Ongeza VAT yoyote iliyomo kwenye bei hiyo, bado uko mbali sana.

Ningekuwa mimi ninayeandika kifungu kile, ningeutazama ushuru kwa macho ya duka lako. Ningeupandisha kwa kiasi ambacho hakiwezi kumezwa na yeyote, ili bei ya moja ilazimike kuruka ngazi, na ile shilingi tano iende Hazina badala ya kugawanywa njiani. Na ningerudisha rekebisho la kila mwaka.

Swali lako la "kujaza mfuko": ni yote mawili, na hakuna aibu katika hilo. Afrika Kusini ndiyo mfano ambao sisi wa kazi hii huurudia hadi watu wanachoka. Mwaka 1994 serikali mpya iliamua kodi ifike nusu ya bei ya pakiti, ikapandisha mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1993 karibu asilimia 32 ya watu wazima walikuwa wakivuta. Kufikia 2003 walikuwa karibu asilimia 24. Mapato ya kodi yakapanda juu ya hapo, kwa sababu nyongeza wanayolipa wanaobaki wakivuta ni kubwa kuliko kodi inayopotea kwa walioacha au kupunguza.

Nchi hiyohiyo inakujibu kuhusu magendo, ila kwa upande wa pili. Tarehe 27 Machi 2020, wakati wa korona, walipiga marufuku kabisa uuzaji wa tumbaku, hadi katikati ya Agosti. Sigara hazikuisha. Zilihamia kwa wauzaji wa mafichoni, kwa bei ya juu kupita kiasi, na marufuku ilipoondolewa biashara hiyo haikurudi ilikotoka yote. Ndiyo maana mimi si shabiki wa kupiga marufuku ghafla, na pia sikubali ile hoja kwamba ushuru wenyewe ndio unaoleta magendo. Magendo hufuata mipaka iliyolegea na ukaguzi unaolala. Tangu 2013 Kenya inabandika stempu za kidijitali kwenye pakiti, na ukiwa na simu unaweza kuipima stempu hiyo kwa programu ya KRA iitwayo Soma Label. Muuza jumla akikuletea pakiti za bei ya kutupa, ipime kabla hujamlipa. Pakiti isiyo na stempu ya kweli ikikutwa kwenye rafu yako, kesi ni yako, yeye atakuwa ameshavuka Nyali.

Sasa lile ambalo hutapenda. Kijana wako yuko sahihi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, inakataza kuuza sigara isipokuwa katika pakiti yenye angalau sigara 10, na inakataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18. Najua kila kibanda kutoka Likoni hadi Mtwapa kina kile kikopo cha sigara kilichofunguliwa, na kibiriti kimefungwa kwa uzi kando yake. Kufanywa na wengi hakulifanyi jambo kuwa halali.

Sababu ya sheria hiyo si kukunyima riziki. Mtoto wa darasa la nane hana pesa ya pakiti, lakini sarafu ya 20 anayo. Mteja wa moja moja pia haioni pakiti. Kanuni za 2014 zilileta picha za onyo, na picha zile zilipiganiwa: kampuni ya sigara ya BAT ilizipinga kanuni Mahakama Kuu, ikashindwa 2016; ikaenda Mahakama ya Rufaa, ikashindwa 2017; ikafika Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Miaka yote hiyo ya mawakili, halafu mvutaji anapewa fegi mkononi bila kuiona ile picha hata mara moja. Kwa haki niseme pia: wapo wavutaji wanaonunua moja moja makusudi ili wajizuie, kwa sababu pakiti ikiwa mfukoni itaisha. Hao wapo, nimezungumza nao. Lakini ukiweka kwenye mizani mtu mzima anayejizuia na mtoto anayeanza, mimi naegemea kwa mtoto.

La kufanya? Kama huwezi kuacha leo, anza na lile la umri, usilifanyie mzaha, hata mtoto akisema katumwa na baba. Hilo la kutumwa ndilo linalowashinda wenye maduka wengi, kwa sababu baba ni jirani na ni mteja wa unga. Mwambie baba aje mwenyewe.

Na vile vikopo vya nikotini. Ushuru wake hautozwi kwa idadi bali kwa uzito: tangu Desemba 2024 ni shilingi 2,000 kwa kilo, kutoka 1,594.50. Inasikika kubwa. Lakini chukua kopo lenye gramu 15 na vifuko 20 ndani. Ushuru wake ni shilingi 30, yaani shilingi 1.50 kwa kifuko, wakati sigara moja inalipiwa 4.10. Kifuko hakina moshi, na hilo ni tofauti ya kweli kwa mtu aliyevuta miaka ishirini na anatafuta kushuka. Wanaokuulizia wewe si hao. Ni vijana ambao hawajawahi kuvuta, na kwao ushuru ulivyo sasa ndio unaofanya kopo kuwa mahali rahisi pa kuanzia.