Usiache MBA kwa sababu ya somo la fedha

Dada yangu, umesema ulisomea ualimu, sasa uko muhula wa kwanza wa MBA (shahada ya uzamili ya biashara), na somo la fedha linakuliza hadi unataka kuacha. Tafadhali usiache. Nadhani kinachokukwamisha ni thamani ya pesa kwa wakati, yaani shilingi ya leo ina thamani kuliko shilingi ileile utakayoipata mwakani. Ukiielewa hiyo, mengi yatafunguka.

Chukua kalamu. Unanunua mashine ya kusaga kwa shilingi 10,000,000, inakuingizia 4,000,000 kila mwisho wa mwaka kwa miaka 3. Kwa haraka unaona faida ya milioni 2. Lakini kama mtaji wako unagharimu asilimia 12 kwa mwaka, gawanya malipo ya kwanza kwa 1.12 mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu. Ukijumlisha unapata kama 9,607,000 kwa thamani ya leo, chini ya milioni 10 ulizotoa. Kumbe mradi unakula karibu 393,000!

Fanya hivi kwa mkono kwanza, Excel baadaye. Mimi nilianzia Excel, nikafaulu mtihani bila kuelewa, nikahangaika sana kwenye tasnifu.

Menejimenti isome jioni, fedha alfajiri kichwa kikiwa chepesi. Na mtafute mhasibu mmoja darasani mfanye mazoezi pamoja. Wewe utamsaidia kuandika.