Wanasema binti yangu ni mvulana

SWALI: Kocha, binti yangu ana miaka 16, anakimbia mita 800. Aliposhinda mbio za kaunti, wazazi wa shule nyingine walipiga kelele eti ana sauti nzito na kifua bapa. Sasa mwalimu wake anataka nimpeleke "akaguliwe". Nifanye nini? – Mama wa mkimbiaji, Nandi

JIBU: Mama, usimpeleke. Kelele za jukwaani si amri.

Nilipokuwa shuleni mwalimu mmoja alinifungia chooni na mwenzake wa kike ili "aangalie". Hakuna aliyeniambia ameona nini. Nilirudi uwanjani soksi zimelowa, nikamaliza wa sita.

Kipimo cha siku hizi hata si cha macho. Tangu Septemba 2025, World Athletics, shirikisho la riadha duniani, inataka wanawake wanaoingia mashindano ya dunia wachunguzwe jeni ya SRY (ile ya kromosomu Y, ya kiume), mara moja tu maishani, kwa ute wa shavuni au damu. Mbio za shule hazimo.

Sitakudanganya kwamba hakuna tatizo. Testosteroni ya kiwango cha kiume huongeza misuli na damu. Olimpiki ya Rio 2016, medali za mita 800 za wanawake zilienda kwa watatu ambao baadaye kanuni za testosteroni ziliwagusa: Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wetu. Melissa Bishop wa Kanada alikosa shaba kwa sekunde 0.13. Ningekuwa yeye ningelia. Lakini Wambui naye hakumeza kitu wala kujidunga. Alikimbia na mwili aliozaliwa nao. Kanuni za 2019 zilipomtaka ashushe homoni, 800 yake ikaishia hapo. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000. Wote hao watatu walianza kwa kunong'onwa hivi hivi, na sauti nzito haijawahi kumthibitisha mtu kuwa huntha.

Ila kama bado hajaanza hedhi, hilo mwone daktari, kwa afya yake, si kwa ajili ya medali. Na majibu apewe yeye na wewe, si shule.

Huyo mwalimu mwambie akuandikie barua, ataje kanuni anayoitumia. Sidhani utaiona.

Halafu nitumie muda wake. Umeniambia alishinda, hukuniambia kwa dakika ngapi.