Nikinunua boti Uturuki, kodi nailipa wapi?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mzaliwa wa Chumbageni, Tanga, fundi mitambo kwenye meli za mizigo. Mke wangu na watoto wako Marseille, Ufaransa. Nina kibali cha ukaazi cha huko na likizo zangu nyingi huishia huko, ingawa nyumba yangu Tanga ipo na mama anaikalia. Nimeona boti ya matanga, futi 38, imefungwa Marmaris, Uturuki, bei euro 60,000. Za namna hiyo Ufaransa ni ghali zaidi. Nataka tuzunguke nayo Ugiriki na Italia miaka miwili, kisha niilete Tanga. Muuzaji ananiambia kwa pasipoti yangu ya Tanzania sitalipa kodi Ulaya, kila miezi 18 nitoke nirudi tu. Isitoshe nina kitabu cha baharia. Je, ni kweli?
Baharia, Marseille

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefurahi umeuliza kabla hujatoa arubuni, kwa hiyo naomba usiitoe bado.

Miezi 18 ipo kweli. Forodha ya Umoja wa Ulaya inaruhusu boti ya mtu binafsi iingie bila VAT (kodi ya ongezeko la thamani) wala ushuru kwa muda huo, na ikitoka ikaenda Uturuki, Tunisia au Montenegro, ikirudi hesabu inaanza upya. Lakini ruhusa hiyo ina masharti: boti iwe imesajiliwa nje ya Umoja, kwa jina la mtu anayeishi nje ya Umoja, na atakayeitumia naye awe anaishi nje. Pasipoti haimo humo. Unaweza kuwa Mtanzania wa kuzaliwa, boti ikapeperusha bendera ya Tanzania, na bado ukadaiwa. Kinachotazamwa ni makazi yako ya kawaida, yaani unapolala, unapolea watoto, kodi ya pango inapotoka.

Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha hapa bandari ya Tanga mpaka nilipostaafu, na najua afisa anavyosoma mafaili. Hatoishia kwenye pasipoti. Ataomba kibali chako cha ukaazi, na kibali hicho ndicho kitakachomjibu. Huwezi kumwambia wa uhamiaji kwamba unaishi Marseille ili upite, kisha ukamgeukia wa forodha ukamwambia unaishi Chumbageni. Ukiingiza boti ile Ulaya, wewe ni mkaazi wa Ufaransa unayeingiza mali, na VAT ya Ufaransa ni asilimia 20. Kwa euro 60,000 hiyo ni euro 12,000, pamoja na ushuru wa forodha juu yake, ambao kwa boti si mkubwa. Ukiiingizia Italia ni asilimia 22, Ugiriki 24. Sasa unaelewa kwa nini ile ya Marmaris ni rahisi. Kwenye tangazo ulilonitumia, chini kabisa, baada ya orodha ya matanga na betri, imeandikwa kwamba VAT ya Ulaya haijalipwa. Mstari huo ndio ulioishusha bei.

Ushauri wangu: tafuta boti iliyo ndani ya Umoja wa Ulaya na ambayo VAT yake imeshalipwa. Ukinunua kwa mtu binafsi, VAT hailipwi mara ya pili. Ila usikubali maneno matupu. Omba ankara ya kwanza ya kiwandani inayoonyesha VAT, au hati iitwayo T2L inayothibitisha hadhi ya boti hiyo kiforodha. Kisha ushuke mwenyewe gatini, uende nyuma kwenye tezi, upande wa kulia, utakuta namba ya boti imechongwa kwenye bodi. Isome herufi kwa herufi ukiwa na ankara mkononi. Herufi moja ikipishana, simamisha malipo. Na uliza kwenye rejista ya boti ilikosajiliwa kama ina rehani, maana deni la boti huifuata boti, halibaki kwa aliyekopa.

Kama kweli mtahamia Tanga familia nzima, kibali kikarudishwa na watoto wakasoma huku, hapo miezi 18 inakufungukia. Lakini hapo unaingia Ulaya kwa viza, siku 90 katika kila siku 180. Boti ina miezi yake, nawe una siku zako, na hazilingani. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, imeanza kuhesabu siku hizo kwa kompyuta badala ya mihuri. Hata kwa kibali chako cha sasa, siku 90 hizo zinakuhusu Ugiriki na Italia. Ufaransa tu ndiko unakokaa kwa kibali. Kitabu cha baharia ni cha kazini. Kwenye boti yako mwenyewe wewe ni mtalii.

Tuje nyumbani, ambako nina uchungu nako zaidi, kwa sababu vijana wetu wengi hudhani mali ya mwenyeji haitozwi. Ukifunga Tanga boti yako ya kukaa nayo, hiyo ni bidhaa inayoingia nchini. Utakadiriwa thamani, utalipa ushuru wa forodha, halafu VAT ya asilimia 18 itapigwa juu ya thamani pamoja na ule ushuru, si juu ya bei ya kununulia peke yake. Usajili wa Bara uko TASAC, wakala wa serikali wa mambo ya meli, nao watataka hati ya mauziano na cheti cha kufutwa kwenye rejista ya zamani. Cheti hicho kidai siku ya kulipa. Muuzaji akishapata hela zake, simu hupokewa kwa shida. Na ujue kwamba kwa kodi ya mapato, mwenye makazi ya kudumu Tanzania akiwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka, TRA humhesabu mkaazi, hata kama forodha ya Ulaya nayo inamwita wa kwao. Ukiamua baadaye kuirudisha boti Ulaya, VAT iliyolipwa kule inakulinda ukiirudisha wewe mwenyewe ndani ya miaka 3.

Safari ya kuileta Tanga panga ushuke na kaskazi, Desemba hadi Machi. Ila kwanza iulize bima yako kwa maandishi kama inakukinga Bahari ya Shamu. Wakikataa, tafuta bei ya kuipakia boti kwenye meli.

SWALI: Mama, mgeni rafiki yangu anataka boti yake iandikwe kwa jina langu ili ikae Bagamoyo bila usumbufu wa forodha. Nikubali?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Usikubali. Jina lililo kwenye hati ndilo litakaloandikiwa barua ya madai, na akiondoka deni utabaki nalo wewe. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu mgeni kuingiza kitu kwa muda na kukitoa tena. Mpeleke kwa wakala mwenye leseni, boti iandikishwe kwa jina la huyo mgeni mwenyewe.